Samaki Kumi na Mmoja wa Bafuni

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Mama Herufi alipiga magoti kwenye sakafu ya bafu la mwanawe, mswaki mkuukuu mkono wa kulia, bakuli la siki na sabuni ya unga mkono wa kushoto, akaanza kusugua ukungu uliojaa kwenye mistari ya vigae. Alianzia nyuma ya mlango akaelekea kwenye bomba, mstari kwa mstari, kama mtu anayefuta neno lililokosewa. Ukungu ulitoka mweusi, ukawa wa kijivu, mwishowe ukakubali kuondoka. Kazi hiyo ilimlia saa tatu na miswaki miwili.

Jina la Mama Herufi alipewa na wateja. Aliandika mabango ya maduka, ya saluni, ya zahanati, ya shule za udereva, na nusu ya mji ilisoma mkono wake kila siku bila kumjua. Alikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka sita, aliyezaliwa mdogo hata wakunga wakacheka, naye akamwita Nukta. Baba yake Nukta alishaondoka zamani, na hana sehemu katika mambo haya.

Bafu lenyewe lilikuwa stoo hapo awali. Babu yake Nukta, enzi za uhai wake, alipitisha bomba ndani ya ukuta, akapandisha vigae mpaka usawa wa kiuno, vikamwishia. Juu ya vigae saruji ilibaki tupu. Dirisha lilikuwa dogo kama daftari, taa ilikuwa moja, yenye mwanga wa rangi ya chai, na ukifunga mlango hukuweza kujua kama ulichoshika ni sabuni au jiwe la kusugulia miguu.

Kilichomfanya alitengeneze ni Nukta kukataa kuoga. Hakukataa kwa utundu. Alisimama mlangoni, taulo begani, akasema, "Maji yananing'ata." Alisema hivyo Jumatatu, akasema tena Jumanne, akaendelea kusema wiki nzima. Jumatano ya pili Mama Herufi, aliyeshinda juu ya ngazi akiandika neno SAMANI jua likimpiga utosini, alimzaba kofi moja la shavu na kumwambia uongo ni tabia mbaya. Yeye mwenyewe alioga maji hayo hayo kila siku na hayakumfanya kitu. Lakini ngozi yake ilikomazwa na petroli na tapentaini kwa miaka kumi na mitano. Mikononi hata kijinga cha moto kingebidi kipige hodi mara mbili.

Jirani yake, mshona nguo, ndiye aliyempa wazo.

"Mtoto hakatai maji, anakataa bafu," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Mle ndani hata mimi mtu mzima sivui nguo. Litengeneze, utaniambia."

Pesa ya kutengenezea haikuwepo, lakini vitu vilikuwepo. Mahali pa vigae vitatu vilivyong'oka alibandika vipande vya kioo kilichovunjika saluni, kingo zake akizisaga kwa msasa mpaka zikawa laini kama ukucha. Pazia alilikata kutoka turubai la tangazo la simu, akaligeuza nje ndani ili picha ya mwanamume anayecheka isimtazame mtoto akioga. Kopo kubwa la rangi lilipinduliwa juu chini likawa kigoda. Kreti ya soda ikawa rafu. Alinunua vitu viwili tu, balbu nyeupe na kopo dogo la rangi nyeupe ya ukutani, na alipowasha balbu baada ya kupaka, bafu likang'aa kama limezaliwa asubuhi ile.

Kisha akatoa masalio. Kila mwandishi wa mabango ana masalio: rangi ya mafuta iliyobaki kwenye vikopo, ya vidole viwili, ya kidole kimoja. Alikuwa na nyekundu ya bucha, manjano ya shule ya udereva, kijani cha duka la dawa, buluu ya zahanati, zambarau ya mtu mmoja aliyekuwa akiuza majeneza na kutaka bango lake liwe la furaha. Kwa masalio hayo alichora samaki kwenye ukuta mweupe, mmoja mmoja, kila mmoja na magamba yake, mpaka rangi ikaisha. Nukta aliwahesabu. Walikuwa kumi na mmoja.

"Huyu amekasirika," alisema, akimwonyesha yule mwekundu.

"Hajakasirika. Anatoka kwenye bucha."

Jumatatu asubuhi samaki wa manjano hakuwa pale dirishani alipochorwa. Alikuwa karibu na bomba, akitazama upande mwingine. Mama Herufi aliangalia kwanza kama rangi imechuruzika, haikuchuruzika. Akapita kidole pale dirishani, akakuta ukuta mkavu, mweupe, hauna alama. Akaenda kuinjika chai. Kilichompa wasiwasi ni dari, ambayo hakuipaka rangi ya kwanza, na alihofia wakienda kule watabanduka.

Mshona nguo alikuja kuona jioni hiyo. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akawafuata samaki kwa macho.

"Rangi ya maji au ya mafuta?"

"Ya mafuta."

"Ndiyo maana wanakwenda taratibu."

Nukta alianza kuoga. Aliingia bila kuitwa, akafungua bomba, akawaambia samaki habari za shule. Mama Herufi aliyesimama nje ya mlango alisikia maji yakimwagika na mtoto akizungumza, akashukuru. Hakusikia kwamba baina ya sentensi na sentensi mtoto alikuwa akivuta pumzi kwa meno. Siku ya Alhamisi samaki mwekundu alilala ubavu. Mchana aligeuza tumbo juu. Alipotoka kazini, Mama Herufi alimkuta ameelea mpaka darini, kimya, rangi yake ikipauka kuanzia kwenye mapezi, na bafu zima lilinuka kutu na chuma kilichoungua.

Alipanda juu ya kigoda akamkwangua kwa kisu bapa kabla mtoto hajamwona. Samaki alitoka mzima, mwembamba kama ganda la kitunguu, akajikunja kiganjani. Ijumaa walikufa wawili. Jumamosi watatu.

"Wao pia wanang'atwa," alisema Nukta, si kwa kulalamika, bali kama mtu anayemjulisha mwenzake jambo dogo lililompita.

Mama Herufi alimgeuza mtoto chini ya ile balbu mpya. Kwa miezi mingi alikuwa amemwona kwenye mwanga wa rangi ya chai, na kwenye mwanga huo watoto wote ni wazima. Sasa aliona mgongo. Ulikuwa umeota vipele vyekundu vilivyoungana vikawa kama ramani, na nyuma ya magoti ngozi ilipasuka kwa mistari myembamba, na kwenye kisogo, pale nywele zinapoanzia, palikuwa na duara lisilo na unywele hata mmoja, kubwa kama kizibo cha chupa.

Alipiga magoti.

"Nilikupiga kofi kwa kusema kweli," alisema.

Nukta alifikiri kidogo. "Shavu liliacha kuuma siku ile ile," alijibu. "Mgongo ndio bado."

Kesho yake, Jumapili alasiri, kaka yake Mama Herufi alifika na mfuko wa spana. Alikuwa fundi bomba wa idara ya maji, mtu mnene, mcheshi, anayependwa na watoto, na alikuwa ameahidi kubadilisha koki inayovuja. Alimpa Nukta peremende kama kawaida yake, akaingia bafuni, akainua macho. Darini walikuwapo samaki watatu waliokufa jana yake, bado hawajakwanguliwa. Wengine watano waliobaki walikuwa wamejibana kwenye kona ya mbali kabisa na bomba, wakipanua midomo.

Fundi bomba alivua kofia.

"Wameanza lini?"

"Alhamisi."

"Hao wa kwenye kona nao hawatafika Jumatano," alisema. "Si ajabu."

Neno hilo ndilo lililomponza. Mama Herufi, aliyekuwa akisafisha brashi, aliiweka chini.

"Si ajabu kwa nini, kaka?"

"Nasema tu."

"Hukusema tu. Sema."

Fundi bomba aliketi kwenye kigoda cha kopo, kikalia. Alizungusha kofia mikononi. "Dada, mimi ni fundi. Nikiambiwa unganisha, naunganisha. Nikiambiwa kata, nakata."

"Uliunganisha nini?"

Akamweleza. Mto ulishuka kutoka mlimani, ukapita nyuma ya kiwanda cha betri, ukafika bondeni. Zamani bomba kuu lilikuwa moja na lilichota juu ya kiwanda. Halafu mlimani pakajengwa nyumba nyingi zenye bustani, maji yakawa hayatoshi, na idara ikaamua bondeni wapewe bomba lao. Bomba hilo lilichota chini ya kiwanda, hatua mia mbili kutoka pale mfereji wa kiwanda unapomwagika mtoni. Yeye ndiye aliyefunga valvu. Kazi ya siku moja, na mchana waliletewa soda.

"Lini?"

"Miaka minne sasa."

"Nukta ana sita."

"Najua umri wake, dada. Ni mpwa wangu."

"Wewe unaoga wapi?"

Fundi bomba aliitazama kofia yake kama jibu limeandikwa ndani. "Kazini."

"Na mkeo? Na wanao?"

"Huwa nawapelekea dumu jioni."

"Wanao unawapelekea dumu," alisema Mama Herufi. "Mwanangu unamletea peremende."

Hakupaza sauti. Watu waliomjua wangependa apaze, maana akikasirika kwa kelele ilikuwa mvua ya kupita. Mwaka uliotangulia alikuwa ameandika nyuma ya lori moja, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, KIKULACHO KI NGUONI MWAKO, na alichofikiria siku ile ni nafasi tu kati ya maneno. Sasa alimwelekeza kaka yake kwenye bomba.

"Funga hiyo koki kwanza. Ndiyo uliyoijia."

Akaifunga. Ilikuwa kazi safi. Hata tone moja halikuvuja tena.

Tangu siku ile fundi bomba alileta dumu moja kila jioni, la lita ishirini, akaliweka kizingitini. Mama Herufi alipokea dumu, hakupokea salamu.

Jumatatu alikwenda idara ya maji. Ofisi zilikuwa mlimani, na bango la langoni alikuwa ameliandika yeye: MAJI NI HAKI YETU SOTE. Karani alimpa fomu, akamwambia asubiri. Alhamisi mkaguzi alifika bondeni, kijana nadhifu mwenye viatu vya kung'aa, na akavivua mlangoni kwa adabu.

"Bafu zuri, mama," alisema. "Umetumia akili sana. Hilo pazia ni turubai?"

"Turubai."

"Nitamwambia mke wangu."

Kisha akafungua jalada. Samaki wawili walikuwa hai bado. Mmoja, yule zambarau, alikuwa akizunguka mahali pamoja kama anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Rangi ilikuwa mpya?"

"Masalio ya kazini."

"Ma-sa-li-o," aliandika mkaguzi. "Wachoraji walikuwa wangapi?"

"Mimi peke yangu. Bwana mkaguzi, maji ni yale pale. Chota upime."

"Hii fomu ni ya samaki, mama. Ya maji ni nyingine, na hiyo inajazwa na aliye juu yangu."

"Basi mtazame mtoto." Akamwita Nukta, akampandisha blauzi mgongoni.

Mkaguzi alitazama. Inafaa isemwe kwamba alitazama vizuri, na kwamba kalamu yake ilisimama kwa muda. "Pole sana, mtoto mzuri," alisema. Akakohoa. "Ya watoto ni idara ya afya."

Taarifa ilikuja baada ya siku tisa, ukurasa mmoja, na mhuri. Ilisema samaki kumi na mmoja wa rangi wamefariki kutokana na ubora duni wa rangi na kutokuwa na uzoefu kwa mchoraji. Ilishauri rangi bora na dirisha kubwa zaidi. Mama Herufi aliisoma amesimama. Kuhusu maji aliona hakuna neno, na hilo alilitegemea. Kilichomfanya akae chini ni kutokuwa na uzoefu. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Aliwahi kuandika neno MAKUMBUSHO juu ya ngazi, upepo ukivuma, ana mimba ya miezi minane, na hakuna herufi iliyopinda.

Alikwenda kwa mshona nguo.

"Niazime shilingi za vikopo viwili vya rangi."

"Za nini?"

"Za kuwaonyesha uzoefu."

Alinunua rangi ya bei nafuu kuliko zote zilizokuwepo dukani. Kwa rangi hiyo alichora samaki mmoja kwenye bafu la Nukta, wa buluu, mwenye mkia mpana. Mchana ule ule alipanda mlimani na vikopo vile vile na brashi ile ile, akamwambia mlinzi wa idara ya maji kwamba amekuja kurekebisha herufi za mlango wa msalani, ambazo kweli zilikuwa zimefifia. Alirekebisha herufi. Kisha akaingia ndani, na kwenye ukuta mweupe juu ya masinki, ambako bomba la mlimani lilipita, akachora wa pili, ndugu yake yule wa kwanza, gamba kwa gamba.

Samaki wa bondeni aliishi siku nne. Samaki wa mlimani alinenepa. Wiki ya pili alikuwa na vifaranga thelathini, wembamba kama alama za mkato, wakipita kundi zima juu ya kioo wakati mhasibu akinyoa ndevu. Wiki ya tatu walijaza korido. Waliingia kwenye ukuta wa masijala na kwenye ukuta wa chumba cha mikutano, na karani alilazimika kuhamisha kalenda kwa sababu walipenda kutagia nyuma yake.

Mkurugenzi wa idara alimwita Mama Herufi. Alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti cha ngozi. Nyuma yake samaki wa buluu walikuwa wakipanda na kushuka.

"Mama, umetufanyia jambo kubwa."

"Basi mmeona," alisema Mama Herufi.

"Tumeona. Wanapendeza mno."

"Rangi ni ile ile, mheshimiwa. Kopo ni lile lile, mkono ni huu. Kule kwangu alikufa siku ya nne. Hapa mnakosa pa kutundika kalenda. Kilichobadilika ni maji tu. Mnatuogesha uchafu wa betri, na mnajua, maana valvu mliifunga wenyewe mkanywa soda. Mwanangu ana kipara cha mzee na hajafika darasa la pili. Watoto wa mtaa mzima wanajikuna mpaka damu, na sisi mama zao tunawapiga tukidhani ni uvivu wa kuoga. Mimi nilimpiga wangu. Hilo kofi nataka mniambie nimrudishie nani."

Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri, na alisifiwa kwa hilo. Aliandika maneno mawili matatu kwenye daftari, akayapigia mstari.

"Nimekusikia, mama," alisema. "Hili ni jambo la mchakato."

Mwezi ule idara ilibadilisha nembo yake ikawa samaki wa buluu. Shule za mlimani zilileta wanafunzi kutazama. Bondeni ulikuja waraka uliobandikwa kwenye nguzo, unaosema kwamba ili kuepusha taharuki, ni marufuku kuchora samaki, chura au kiumbe yeyote wa majini ndani ya nyumba zilizo chini ya kiwanda. Ndege, matunda na maua viliruhusiwa.

Mama Herufi aliusoma waraka, akaenda nyumbani akachukua brashi. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mshona nguo. Wa pili ulikuwa wa mwanamke mwenye mapacha. Kufikia mwisho wa msimu alikuwa amechora kwenye mabafu arobaini, kila moja samaki wawili, na watu walijifunza kuwasoma kama wanavyosoma mawingu. Samaki wakitembea huku na huko, maji ya leo yana nafuu; waogeshe watoto upesi. Samaki wakijibana konani, kiwanda kimefungua mfereji, funga bomba. Wakipanda darini, lete kisu. Kila Jumapili wanawake walimletea Mama Herufi maganda makavu ya samaki waliokufa, naye alipita na kopo lake akichora wengine. Hakuna aliyemlipa, wala hakudai. Usiku hakulala vizuri. Alikuwa na hasira ya kudumu iliyotulia, kama pilipili iliyosahauliwa kwenye kidonda, na iliingia hata kwenye herufi zake: wateja walianza kusema mabango yake yanasomeka kutoka mbali zaidi kuliko zamani.

Kila Jumamosi idara iliruhusu watoto wote wa mji kuingia kuona samaki, saa nne mpaka saa sita. Watoto wa bondeni walikwenda kwa wingi. Walitazama kidogo, kisha wakaomba ruhusa ya kwenda msalani, na walipotoka mikoba yao ya shule ilikuwa mizito. Mlinzi alijua. Alikuwa na wajukuu, akatazama kando. Lakini mhasibu aliona mita ya maji, na karani akatumwa kwa Mama Herufi: kunahitajika kibao cha langoni, maneno matatu, HAIRUHUSIWI KUTOA MAJI, kwa herufi zile zako nzuri.

"Mwambie aliyekutuma," alisema Mama Herufi, "mkono wangu unauma."

"Unauma nini, mama?"

"Unauma tu. Utauma mpaka nife."

Kibao kikaandikwa na mtu mwingine. Alikosea neno la kwanza, akapachika R mbili, na herufi zikaegemeana kama walevi. Mama Herufi alipopita pale langoni alikasirishwa na mambo mawili, na asingeweza kuapa ni lipi lilimchoma zaidi. Mlinzi mpya alikagua mikoba.

Mwezi uliofuata kiwanda cha betri kilipanuliwa. Ili kujenga mfereji wa pili, mpana kuliko wa kwanza, ilibidi maji ya bondeni yafungwe kwa muda, na idara ikatangaza usumbufu huo kwa kipaza sauti. Mabomba yalikauka Jumanne mchana. Watu walipanga ndoo, wakachota kwenye dimbwi la machimbo ya mawe, wakanuna.

Bafuni kwa Nukta walikuwapo samaki wawili, wa kijani na wa chungwa, wote wamelala ubavu tangu Jumatatu. Jumanne jioni yule wa chungwa alijiinua. Jumatano asubuhi walikuwa wakiogelea wote wawili, ukuta hadi ukuta, na rangi yao imerudi kama ya dukani. Adhuhuri walishuka mpaka kwenye vigae, mahali ambapo hawakuwahi kufika, wakapita juu ya vipande vya kioo na kujitazama. Habari zilikuwa hizo hizo nyumba zote arobaini. Mshona nguo alisema wake wametaga.

Nukta hakwenda kucheza nje siku hizo. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, mgongo umepakwa mafuta na umeanza kutulia kwa sababu ya madumu ya mjomba. Alipoitwa kula alisema, "Ngoja kidogo, Mama. Wanafukuzana."

Ijumaa, saa tano na robo, fundi bomba alisimama kizingitini. Hakuwa na dumu. Alikuwa na spana kubwa, ile ya bomba kuu, na buti zake zilikuwa na tope la mtoni.

"Dada," alisema. "Kazi imekwisha kule. Nimeambiwa saa sita nifungue."

Mama Herufi alikuwa akikata vitunguu. Hakuinua macho. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumjibu tangu siku ya koki.

"Na wakikwambia usifungue?"

"Sifungui."

"Na mimi nikikwambia?"

Fundi bomba alihamisha spana kutoka bega moja hadi lingine. Alikuwa na watoto wanne na miaka ishirini na miwili kazini.

"Nenda basi, kaka," alisema Mama Herufi. "Usije ukachelewa."

Akaenda. Buti ziliacha tope mpaka langoni, na Mama Herufi akatazama tope hilo kwa muda mrefu, kisu mkononi. Kisha akanawa mikono kwa maji ya ndoo, akaingia bafuni. Nukta alikuwa amelaza shavu kwenye ukuta, na samaki wa kijani alikuwa amesimama mbele ya pua yake, akipepea mapezi.

"Toka, mwanangu."

"Bado kidogo."

"Toka sasa hivi. Njoo unisaidie vitunguu."

Alimshika mkono akamtoa, akafunga mlango nyuma yao, akasukuma tambara chini yake ili hata mwanga usipite. Walikaa jikoni. Mtaani mtu aligonga sufuria kwa furaha, na mwingine akaitikia. Ndani ya ukuta kitu kilikohoa, kikatulia, kikakohoa tena, halafu likaja lile vumo refu la bomba linalojaa.

Nukta aliinua kichwa.

"Kuna nini, Mama?"

"Maji yamerudi."